Barua ya wazi kwa Waziri anayesimamia Turathi: Kambi za homugadi na usiku wa Lari

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima naomba kwamba, kwa mamlaka uliyopewa na Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, uagize maeneo yaliyokuwa kambi za homugadi, yaani walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni, katika Murang'a, Nyeri na Kiambu yatambuliwe na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kabla hayajamezwa na mashamba na majumba mapya.

Kambi hizo zilizungushiwa handaki lililosimikwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha, zikawa na mnara wa mlinzi na daraja lililoinuliwa giza lilipoingia, na waliochimba mahandaki hayo kwa kulazimishwa ni wanavijiji, wengi wao wanawake. Wapiganaji wa Mau Mau, walioshika silaha dhidi ya utawala wa Waingereza nchini Kenya, walizivizia usiku kwa kuwa ndani yake mlikuwa na bunduki halisi, ilhali wengi wao walitegemea bunduki walizojiundia kwa mabomba ya maji, komeo za milango na vipande vya tyubu za magurudumu.

Kinachonisukuma hasa ni usiku wa tarehe 26 Machi 1953. Kikosi kilichoongozwa na Mbaria Kaniu kilivamia ghafla kituo cha polisi cha Naivasha, kikatwaa silaha na kuwafungulia mahabusu. Tunalisimulia tukio hilo kwa fahari, nami sioni ubaya. Lakini usiku uo huo, huko Lari katika Kiambu, homugadi walikuwa wamevutwa mbali na makwao kwa habari za maiti iliyoonekana, na huku nyuma nyumba zao zikateketezwa na wapiganaji wa Mau Mau. Waliouawa walizidi 70, wengi wao wake na watoto wa walinzi hao. Mzizi wake ulikuwa ugomvi wa ardhi, tangu serikali ya kikoloni ilipowahamishia Lari watu wa Tigoni. Kisha homugadi na askari wakalipiza kisasi, na waliouawa hapo serikali ya kikoloni haikujali kuwahesabu sawasawa.

Kibao kitakachowataja marehemu wa upande mmoja tu, Mheshimiwa, ni heri kisiwekwe. Kazi hii na ianzie Lari: wataalamu wa Makumbusho waketi na wazee wa koo za wapiganaji na za walinzi vilevile, na maneno ya kibao yasomwe hadharani katika baraza la chifu kabla ya kuchongwa.

Wako mwaminifu,
Mwananchi wa Kiambu