Kabla hamjasaini mkataba wa ile nyumba

Shoga angu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho na picha za nyumba mnayotaka kuwapangia vijana wenu wenye ulemavu wa akili nimeziangalia zote, ni nzuri kwa kweli, vyumba vikubwa, ukuta umepanda juu, nondo madirishani, geti na mlinzi, na nimekuelewa uliposema kina mama wote kwenye kikundi mtapata usingizi sasa, maana kila mmoja wenu anatembea na swali lile lile, siku nikiondoka duniani mwanangu anabaki na nani. Nimeamua kukuandikia maana kwenye simu ningeruka mengi na hili jambo sitaki niliruke.

Ukuta unazuia mwizi, shoga angu, lakini vijana kama mwanetu hawauliwi na mwizi. Wanauliwa na choo kilichofunga wiki nzima na hakuna aliyehesabu siku, na tonge lililoingia njia ya hewa, na kifafa kilichomkuta yuko peke yake bafuni, na homa ya mapafu ambayo watu walidhani ni ukorofi wake tu. Huku England kuna utaratibu wa taifa wa kupitia vifo vya watu wenye ulemavu wa akili, unaitwa LeDeR, na kila ukitoa ripoti unarudia lile lile, kwamba wanakufa mapema kuliko wenzao kwa takriban miaka 20 na vifo vingi kati ya hivyo vingezuilika. Na hii ni nchi yenye hospitali kila kona na daktari bure.

Nikueleze kwanza hii sapotedi livingi, yaani kuishi kwako huku unasaidiwa, ninayofanyia kazi, maana ndo mnayotaka kuifanya Tanga hata kama hamjaipa jina. Sio kituo. Mtu anapanga nyumba yake au chumba chake, mkataba una jina lake, na sisi wasaidizi tunatoka kwenye kampuni nyingine kabisa tofauti na mwenye nyumba. Kuna sababu ya kutenganisha hivyo na naomba muishike: huduma ikiwa mbovu unaifukuza kampuni na mtu anabaki kwake, hahamishwi kama mzigo. Kwahiyo yule mama anayetaka kuwapangishia nyumba yake halafu yeye yeye ndo awe msimamizi wa wafanyakazi na mshika pesa za vijana, hapana, mwambieni kwa heshima achague kimoja.

Lakini mpango huu una tundu lake. Kwenye sapotedi livingi wakaguzi wa serikali, CQC, wanakagua ile huduma ya mwili, kuogesha, kulisha, dawa, ila nyumba yenyewe sio kazi yao kama wanavyokagua kituo. Na watu wakishaambiwa hapa ni kwa mtu, ni mtu mzima, ana uhuru wake, wengine wanaelewa kwamba basi hatuangalii tena.

Kuna kijana aliitwa Richard Handley, habari zake zilitangazwa sana baada ya familia yake kupigania ukweli. Alikuwa na daun sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulemavu wa akili, na tatizo la kufunga choo tangu utotoni, mama yake alilijua, lilikuwa kwenye mafaili. Alikuwa akiishi Lowestoft kwenye nyumba ambayo zamani ilikuwa kituo cha malezi, baadaye ikageuzwa kuwa sapotedi livingi, na ule uangalizi wa chakula chake na choo chake ukalegea. Tumbo likavimba. Novemba 2012 akafa hospitali ya Ipswich akiwa na miaka 33, na madaktari kwenye operesheni walikuwa wamemtoa kinyesi cha kilo 10. Kilo kumi shoga angu. Hakupigwa na mtu, hakulala njaa, alikuwa kwenye nyumba nzuri na watu wanaolipwa kumsaidia, na mimi kila nikiona picha ya nyumba nzuri namkumbuka yeye.

Ndo maana nasema kabla ya kununua magodoro nunueni madaftari. Kila kijana na lake. Huku tunatumia chati ya Bristol, aina 1 mpaka 7, moja ni choo kigumu cha vipande vipande na saba ni maji matupu, kila akienda unaandika tarehe na namba, hata anayejiendea mwenyewe unamuuliza au unatafuta namna ya kujua bila kumvunjia heshima. Siku zikipita bila choo usingoje alie. Mwanetu halii, wewe mwenyewe uliniambia akiumwa anakaa chini na kugoma kuvaa viatu, na wote mnasema ana jeuri siku hiyo. Hiyo ya viatu ndo lugha yake ya maumivu na sasa hivi iko kichwani mwako tu, hamna mwingine anayeijua, hata baba yake nina wasiwasi. Iandikwe ukurasa wa kwanza. Ninakofanya kazi kuna mmoja akianza kujipiga sikio kila mtu anajua ni jino, tunaita daktari wa meno, hatuiti wa akili.

Na hapo kwenye daktari wa akili nikazie. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma huku ilikadiria kwamba kila siku watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili wanameza dawa za kutuliza akili au za huzuni bila kuwa na ugonjwa wenyewe unaotibiwa na dawa hizo, wanapewa kwa sababu wanasumbua. Mwaka uliofuata ikaanza kampeni ya STOMP ya kuzipunguza. Kwahiyo daktari akiandika kidonge cha kumtuliza, muulizeni ni cha ugonjwa gani, mpaka lini, na nani atapima kama kimefaa. Halafu msimkatishe ghafla zile anazotumia tayari, hasa za kifafa, hizo ni hatari ukiacha kienyeji, mpaka daktari apange.

Bafu. Connor Sparrowhawk alikuwa na miaka 18, ana kifafa, mama yake alishawaambia wafanyakazi kwamba anahisi kijana kapata degedege akiwa pale pale. Julai 2013 aliachwa peke yake ndani ya beseni kubwa la kuogea kwenye kituo cha NHS, huduma ya afya ya serikali, kule Oxford akazama. Mwaka 2018 shirika lililoendesha kile kituo likatozwa faini ya pauni milioni 2, kwa kifo chake na cha mgonjwa mwingine. Najua sisi tunaoga kwa ndoo na kopo, beseni la kuzama halipo, ila sakafu ya vigae nimeiona kwenye picha, ikilowa ni barafu, na mlango una komeo la ndani. Toeni hilo komeo muweke kitasa kinachofunguka kwa nje, mwenye kifafa awe na mtu anayemsikia akiwa anaoga, na maji ya moto yachanganywe na kupimwa kabla hayajafika kwake maana kuna wanaoungua bila kutoa sauti.

Chakula nakuachia maana wewe mpishi, ila yule anayekula mbio mbio asikae peke yake na chapati au mhogo mkavu. Akatiwe vidogo, akae wima, mtu akae naye mezani, na kila mfanyakazi afundishwe kumsaidia aliyepaliwa, kwa vitendo, na nesi, sio kwa kusimuliwa.

Sasa binti. Umesema mtamchukua binti mmoja alale hapo, mchana apike afue, usiku aangalie. Shoga angu hiyo haiwezekani na nakwambia kama mtu anayelala kazini. Hata huku tuna kilio chetu, mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua saa za kulala kazini hazihesabiwi kwenye kima cha chini cha mshahara kama hujaamshwa kufanya kazi, watu wakaumia sana na wengi wakaondoka. Na kila anayeondoka anaondoka na kile alichokijua, ile habari ya viatu, ile ya sikio, anakuja mgeni anaanza upya na kijana naye anaanza kuogopa upya. Binti mmoja aliyechoka, anayelipwa kidogo, usiku, na vijana wanaoamka saa nane, hata awe na moyo wa malaika atamfokea mtu, kesho atamsukuma. Wekeni wawili kwa kupokezana na mlipe vizuri hata kama TV itasubiri mwakani.

Nimebakiza geti. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya hapa ilitoa hukumu inayoitwa Cheshire West, kwamba mtu akiwa chini ya uangalizi na udhibiti muda wote na hayuko huru kuondoka, basi amenyimwa uhuru hata kama mahali ni pazuri na yeye mwenyewe halalamiki, na jaji Lady Hale akasema tundu la ndege hata likiwa la dhahabu bado ni tundu tu. Kwenye sapotedi livingi jambo hilo linapelekwa mahakamani liidhinishwe, meneja hawezi kuamua peke yake, hata mzazi hawezi. Kwenu hamtakuwa na hiyo mahakama mlangoni, lakini muulizane kwa kila kijana, huyu geti linafungwa kwa hatari gani hasa, na nani atatoka naye kila siku kwenda sokoni, msikitini, ufukweni. Mwanetu anapenda kwenda kuangalia ngalawa zikirudi, hilo lisife kwa sababu kahamia nyumba yenye ukuta.

Na geti linalomzuia yeye kutoka linawazuia na nyinyi kuona. Winterbourne View ilikuwa hospitali binafsi karibu na Bristol, ada kama pauni 3,500 kwa wiki kwa mtu mmoja, na ndugu hawakuwa wakiruhusiwa kuingia wodini wala vyumbani kwa wagonjwa. Ndani watu walikuwa wanapigwa, wanamwagiwa maji, wanakaliwa juu. Nesi mmoja aliripoti kwa wakubwa na kwa wakaguzi, hakusikilizwa, mpaka Mei 2011 BBC ilipoonyesha video za mwandishi aliyejifanya mfanyakazi. Watu 11 walitiwa hatiani, sita wakafungwa jela. Ripoti za ukaguzi zilikuwepo muda wote.

Kwahiyo msisubiri mkaguzi. Mjipangie zamu, mama yeyote aingie muda wowote bila kupiga simu, jikoni, bafuni, chumbani kwa mtoto wa mwenzie pia na sio wa kwake tu. Jirani apike nao siku moja moja. Afisa ustawi wa jamii wa kata apelekewe majina mapema. Na vijana wenyewe waulizwe, anayeongea kwa maneno, asiyeongea kwa picha, huyu dada unampenda au humpendi, akijificha huyo dada akiingia mmeshapata jibu.

Mkataba usisaini kwanza, nipigie picha kurasa zote unitumie, pamoja na maboksi ya dawa za mwanetu, nione na vipimo. Jumapili sina shifti, nipigieni jioni ya kwenu mkiwa pamoja, kila mmoja aje na daftari na aandike mambo mawili kabla hatujaanza, mwanangu akiumwa anafanyaje, na mwanangu akifurahi anafanyaje.

Wasalimie nyumbani wote, mbusu mwanetu.

Shoga ako