Mama aambiwe kabla ya sindano ya mgongo

Mhariri,

Dadangu alijifungua kwa operesheni mwezi uliopita, hospitali moja hapa Nairobi, na usiku huo akaanza kujikuna pua, mashavu, kifua, mpaka tukadhani kuna dawa imemkataa. Mama wa kitanda jirani akamwambia asinyonyeshe. Nesi akampa tembe za mzio, hazikusaidia. Asubuhi ndio daktari akatuambia ile sindano ya ganzi ya mgongo ilikuwa na mofini, dawa kali ya maumivu. Mamangu karibu azimie, mtaani kwetu mofini na unga wa kulevya watu wanaweka kapu moja.

Huyo daktari alitueleza vizuri na nataka wengine wajue. Ndani ya uti wa mgongo kuna ugwe wa neva unaopanda hadi kwa ubongo, na upande wake wa nyuma ndio geti la maumivu, habari ya kidonda inapita hapo kabla ubongo haujajua. Hapo getini kuna vipokezi vya aina tatu, mu, delta na kapa, na kazi yao ni kupokea dawa ambazo mwili unajitengenezea, kama zile enkefalini wanasayansi Hughes na Kosterlitz waligundua Aberdeen, Uskoti, mwaka wa 1975. Mofini inashika zaidi mu, na mu ndio wengi hapo. Ikishika, neva inayoleta uchungu inazuiwa kuingiza kalsiamu kwa hivyo haimwagi kemikali zake, nayo neva inayopokea inatoa potasiamu inatulia. Ndio maana maikrogramu 100 tu (miligramu 0.1) mgongoni zinatosha karibu siku nzima, na sindano ya kawaida ya msuli ni kama miligramu 10, hiyo ni mara mia! Kiasi kinachofika kwa maziwa ni kidogo sana, dadangu angenyonyesha tu.

Lakini hao hao mu ndio wanaleta kuwashwa, kutapika, mkojo kukataa kutoka. Sio mzio, ndio maana zile tembe zilishindwa, kuna dawa inaitwa nalbufini ambayo inazuia mu na kuamsha kapa, hiyo husaidia. Na kuna jambo zito zaidi, mofini haipendi mafuta kwa hivyo inakaa kwa maji ya mgongo na kupanda polepole, mara chache inafika kwa ubongo masaa mengi baadaye na kupunguza pumzi. Mgonjwa anafaa kuangaliwa kupumua kwake hadi masaa 24. Sisi tulikuwa wodini tangu jioni, hakuna mtu alikuja kuhesabu pumzi za dadangu.

Alisaini fomu ya operesheni na hakuna aliyemtajia mofini. Naomba wakubwa wa wodi za uzazi, mama aambiwe kwa Kiswahili kabla hajainamishwa mgongo: kuna mofini humu, unaweza kuwashwa, ukisinzia kupita kiasi wenzako waite nesi. Na huyo nesi wa saa tisa usiku awe ameambiwa pia.

Mama wa watoto wawili,
Kayole, Nairobi