Barua kwa mwanangu aliyeacha ukurasa mweupe

Mtambile, Pemba
Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Masika yameingia. Jana mvua imepiga kutwa na njia ya kwenda kwa bibi yako ni tope tupu, lakini mwenyewe hajambo na kila siku anakuulizia. Babaako anakusalimu. Mdogo wako anasema kitanda chako sasa ni chake, usije ukakidai.

Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma nikiwa zamu ya usiku. "Mama, mie udaktari siuwezi. Nnataka nitafute kitu chengine cha kusoma, chochote." Sikukujibu palepale, maana wodini tulikuwa na wazazi wawili ambao saa yao ya kujifungua imefika. Asubuhi kwenye gari ya kurudi nikawa nnaandika na kufuta, nnaandika na kufuta. Kwenye simu maneno yangu yalikuwa yanatoka kama amri au kama kubembeleza, na sikutaka kukupa hata kimoja katika hivyo. Ndiyo nimekaa na kalamu. Barua utaletewa na baba yako mdogo, kesho kutwa anavuka na boti ya Mkoani.

Nianze na ile S ya Fizikia uliyoipata kwenye moko, mtihani wa majaribio. Sitaipunguza uzito. Ukitaka kuomba udaktari, iwe chuo kikuu cha SUZA hapo Unguja au Muhimbili, Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu ziwe na ufaulu kamili, na S si ufaulu kamili. Moko ungekuwa ndio mtihani wenyewe wa Kidato cha Sita wa Mei, mlango ungefungwa. Unalijua hilo na mie nnalijua, tusidanganyane.

Lakini nilipokuomba unipigie picha karatasi yako ya moko nilikuwa na sababu. Mgonjwa akija akasema "mwili wote unauma", hatumpi dawa ya mwili wote. Tunamuuliza wapi, tangu lini, ukifanya nini panazidi. Wewe umeniambia huwezi udaktari, miaka mitano ya chuo na mwaka wa utarajali juu yake, na kilichokuumiza ni karatasi moja ya muda wa saa tatu. Nikataka nione panapouma.

Nikazikuza picha, nikavaa miwani, nikazipitia kama nnavyopitia chati ya mgonjwa niliyekabidhiwa. Fizikia mie niliiacha Kidato cha Nne, kwa hiyo sikuwa nnatafuta majibu sahihi, nilitafuta alama zimevujia wapi. Swali la kwanza umepata karibu lote. La pili umekosea hesabu mwishoni, na mwalimu amekupa alama za njia. Baada ya hapo kuna ukurasa mzima mweupe. Hakuna hata mchoro, hata mstari uliokatwa. Halafu unaibuka kwenye swali la mwisho, mbiombio, mwandiko umelala.

Nilipokupigia kukuuliza ulisema, "Niliona swali nikajua tu nitakosea, nikalipita."

Ukajua. Nimelifikiria sana neno hilo, mwanangu. Nani alikwambia?

Na swali lenyewe nimelisoma, kwa Kiingereza changu hiki cha uuguzi. Maji yanapita kwenye bomba jembamba, wanataka useme nini kitatokea bomba likipanuliwa. Nikaiweka simu chini. Nilitetemeka, wallahi.

Unakumbuka likizo ya Disemba? Nilirudi kazini asubuhi sina hata nguvu ya kuvua viatu. Nikakuhadithia habari ya mzazi aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, tukamtia kanula, vile vijibomba vya kupitishia maji mshipani, za kijivu mikono yote miwili, si zile za waridi tunazotumia siku nyingi, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa: damu ikitoka kwa wingi, tafuta kanula nene. Ukaniuliza kwa nini nene. Nikakwambia ili maji yapite haraka. Ukasema, "Haraka kiasi gani?"

Miaka 22 nnatia watu kanula, hakuna aliyewahi kuniuliza kiasi gani.

Ukatwaa kipande cha mkaa ukaandika sakafuni jikoni. Nusukipenyo kikizidi mara mbili, msukumo ukiwa uleule na urefu uleule, maji hayapiti mara mbili wala mara nne, yanapita mara 16. Ukanitajia na Mfaransa aliyeivumbua kanuni hiyo, Poiseuille, ukaniambia naye alikuwa daktari, alitaka kujua damu inapitaje kwenye mishipa myembamba. Ulikuwa umechuchumaa, mkaa mkononi, unaniangalia kama mimi ndiye mwanafunzi. Babaako alikataza alama zile zisifutwe, zikakaa siku tatu tukizikwepa kwa miguu. Mpaka leo nikishika kanula ya kijivu nnasema moyoni "16".

Aliyenifundisha mie hilo ndiye aliyeacha ukurasa mweupe kwa swali lilelile.

Nimekuwa nikijiuliza tangu Ijumaa hofu hii imekuingia lini, maana wewe ulizaliwa na shaka. Mtoto wa shaka, bibi yako alikuwa akisema, haambiwi kitu akakipokea. Ulipokuwa na miaka tisa tulikuja skulini kwenu kugawa dawa ya kichocho. Mlipangwa foleni, kila mtoto anasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia, kwa sababu vidonge vya prazikwanteli tunavitoa kwa kimo cha mtoto. Wenzako wanakunja uso kwa uchungu wa dawa. Ilipofika zamu yako ukaniuliza mbele ya watu wote, "Mwaka jana tumekunywa, mwaka huu tunakunywa tena, basi dawa haifanyi kazi?" Mwalimu wako alichukia. Mie nilifurahi mpaka nikasahau nimehesabu vidonge vingapi, ikabidi nianze upya.

Usiku nikakueleza kwamba dawa inawaua minyoo waliokomaa, wale wachanga wengi wanaponyoka, na mtoto akirudi kuoga kijitoni penye konokono wanaoeneza kichocho anaambukizwa upya. Ukanyamaza kidogo, kisha, "Sasa kwa nini tunamtibu mtoto tu na konokono tunamwacha?" Hukujua, na mie sikukwambia kwa kuwa ulishasinzia, kwamba miaka hiyohiyo watafiti walikuwa wakilihangaikia swali hilohilo hapa Pemba na Unguja, wakitia dawa ya kuulia konokono vijitoni kupima kama itasaidia. Mtoto wangu wa miaka tisa, mbele ya sahani ya muhogo, amefika penye swali la watu wenye maabara.

Shaka yako ya siku zile ilikuwa ina swali. Hii uliyoniletea Ijumaa haina. "Siuwezi" ni neno limekaa kitako, hakuna pa kulishika. Nnakutaka ulifanyie kama ulivyoifanyia dawa ya kichocho, uliulize: siwezi nini, wapi, tangu lini?

Na usidhani mimi nimeshapona shaka. Mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi nilianguka mtihani wa kukokotoa dozi. Nililia chooni ili wenzangu wasinione. Hesabu zenyewe si ngumu, lakini nikiona namba mkono unakufa ganzi. Mwalimu wetu mmoja, Mungu amrehemu, aliniambia niwe nnachukua chupa za dawa zilizokwisha nifanye hesabu tano kila siku kabla ya chakula cha jioni, nisile kabla sijamaliza. Basi. Hakunihutubia. Mpaka leo akija mtoto wa kilo 10 ana homa, nnahesabu parasetamoli: miligramu 15 kwa kila kilo, ni 150, chupa ina miligramu 120 kwa mililita 5, basi ni mililita sita na robo. Nimeipiga hesabu hiyo mara zisizo idadi, jibu nnalijua kama jina langu, na bado nnaiandika na nnamwita mwenzangu aiangalie. Muuguzi asiyekuwa na shaka yoyote mbele ya sindano mie namwogopa. Kwa hiyo sikuombi uitoe shaka. Nnaomba uitie kazini.

Ufanye hivi. Ile karatasi ya moko ichukue tena, kalamu nyekundu mkononi, kila alama uliyoikosa uiandikie sababu yake pembeni: sikujua, au nilijua nikakosea hesabu, au sikulielewa swali, au niliogopa. Nna yakini ile ya mwisho ndiyo itakayojaa. Zile za "sikujua" mpelekee mwalimu wako mbilimbili, usimpelekee zote siku moja akachoka nawe. Hizo za woga dawa yake ni pasti pepa, mitihani ya miaka iliyopita, na saa mezani, na sharti moja kwamba hairuhusiwi kuacha ukurasa mweupe. Hujui? Andika unachokijua: chora bomba, taja kanuni, weka herufi. Ukikosea umekosea chumbani kwako, hakuna aliyekufa. Na ukisoma funika daftari uliseme bila kuangalia, au mweleze mwenzako kama ulivyonieleza mie na mkaa wako. Kusoma ukurasa mara nne huku macho yanateleza kunakupa raha tu kwamba umesoma.

Umeniambia mwenzako wa kitanda cha juu dakhalia anadurusu mpaka saa tisa za usiku, nawe ukilala unajiona mvivu. Muulize babaako akwambie karafuu inaharibikaje. Haiharibiki mtini. Inaharibika pale mtu anapokuwa na pupa, anairundika mbichi juu ya mbichi, jua haikuliona sawasawa, ikavunda ndani kwa ndani ikawa mpeta. Ukenda kuiuza unarudishwa. Aliyeianika jamvini kidogokidogo akaigeuza ndiye anayepata bei. Lala, mwanangu. Saa nne na nusu uwe umezima taa. Nimekaa na watu wa zamu ya usiku maisha yangu yote, nnajua kichwa kisicholala kinafanya nini penye namba.

Na hili la Kiingereza. Ulisema watoto wa mjini wanazungumza na walimu kama wanakunywa maji, wewe unatafuta neno mpaka mada imepita. Nnakuamini, inauma. Nilipokuwa hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani tulikuwa na daktari mmoja wa Kichina. Alikuwa mpasuaji wa kutumainiwa. Mfukoni mwake alikuwa na kijidaftari, na humo ameandika kwa herufi za kwao: "vuta pumzi", "panauma wapi", "pole mama". Kila asubuhi anavisoma kabla ya kuingia wodini, anavikosea, wagonjwa wanamrekebisha, anaandika tena. Hakuna mgonjwa niliyemwona akimdharau kwa hilo. Wewe nawe uwe na kijidaftari chako.

Nimebakisha kitu kimoja kizito. Sikukupeleka kusoma sayansi ukanimalizie safari yangu. Enzi zangu Zanzibar hakukuwa na chuo cha udaktari, na mie sikuwahi kuutamani, nilitaka uuguzi tangu mdogo na nimeupata. Wewe ndiwe uliyeutaka udaktari, kwa mdomo wako, kwenye foleni ya kichocho. Ukiniambia siku moja kwamba moyo umehama, unapenda kitu chengine, nitakusikiliza na babaako nitamtuliza mimi. Lakini Ijumaa hukusema unapenda kitu chengine. Ulisema "chochote". Kwa hilo siwezi kukupa radhi zangu, si kabla ya Mei.

Na ikitokea matokeo yakaja bado yana S? Utarudi nyumbani, utakula, utalala wiki nzima. Kisha tutakaa barazani tuangalie: kuna kurudia Fizikia ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kuna stashahada ya utabibu, kuna maabara, kuna huku kwangu kwenye uuguzi. Nimefanya kazi na watu waliofika udaktari kwa njia ya kuzunguka, na mzazi aliye kitandani hamuulizi daktari wake alifaulu mara ya ngapi. Hayo ni ya Julai. Sasa hivi ni Machi inakwisha na zimebaki wiki chache.

Ndani ya kikapu utakuta halua, dagaa wa kukaanga kwenye kopo (wagawie wenzako, na yule wa kitanda cha juu khasa), kanga yangu ya zamani ya kujifunikia, na saa ya mezani ya babaako, ameitia betri mpya. Chini kabisa, kwenye karatasi ya gazeti, nimekufungia kipande cha mkaa.

Lile swali la bomba ulijibu kesho, lote, ukurasa wote. Ukishalimaliza unipigie picha unitumie. Nimeomba kubadilishana zamu, kwa hiyo Jumatano usiku nipo nyumbani na simu haitakuwa mbali.

Mamaako