"Marahaba" ya mzee isitudanganye

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kiharusi, yaani mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka ghafla, hasa zile saa za mwanzo ambazo mgonjwa bado yuko nyumbani, mikononi mwa watu wasiosomea udaktari. Mimi ni mtoto wa mgonjwa. Mambo ya tiba nitakayoyataja nimeyapata kwa kuwauliza wauguzi na madaktari, kila siku ya kliniki ya baba, mpaka nikaelewa.

Asubuhi ile nilimkuta baba ameketi barazani, kikombe cha chai kimeanguka miguuni pake. Nilikuwa napita na ndoo, nikamwamkia: "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba." Ilitoka vizuri kabisa, kama siku zote, nami nikaenda zangu kumwagilia mboga. Niliporudi nikamuuliza panga ameliweka wapi. Akanitazama, akasema tena, "Marahaba." Nikadhani hakunisikia. Ni pale mama alipomwita ndani, akajaribu kuinuka na mguu wa kulia ukamkatalia, ndipo tulipoanza kupiga kelele.

Muuguzi mmoja alikuja kunieleza jambo ambalo natamani ningelijua siku ile. Maneno tuliyoyazoea tangu utotoni, kama salamu, kuhesabu moja mbili tatu, sala, hata nyimbo za kanisani, yanaweza kubaki mdomoni hata pale ubongo umeshapoteza uwezo wa kutunga sentensi. Kwetu sisi ambao hakuna mazungumzo yasiyoanza kwa salamu, huu ni mtego mkubwa. Mzee anaamkiwa na watu watano, anaitikia wote watano, na wote watano wanatoa ushahidi kwamba ni mzima.

Kwa hiyo salamu isiwe kipimo. Mpe sentensi ambayo hajawahi kuisema, umwambie airudie yote: "Jana jioni mbuzi wa jirani walikula mahindi yetu." Usimpe methali, maana methali nayo anaijua kwa moyo. Sikiliza kama maneno yanakokotwa, yanachanganyika, au hayatoki. Na umlinganishe na usemi wake mwenyewe wa kila siku. Wako wazee wetu ambao "r" na "l" hazikuwahi kutengana vinywani mwao. Hao usiwahukumu kwa hilo.

Kisha mtazame usoni. Mwambie akuonyeshe meno, uone kama mdomo unavutwa upande mmoja na upande wa pili umelala. Halafu mikono: ainyooshe yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho, nawe uhesabu mpaka kumi. Mkono mmoja ukishuka wenyewe, au ukikataa kunyanyuka kabisa, hiyo ni dalili. Uso, mikono, usemi. Kimojawapo tu kikiharibika ghafla, safari ya hospitali ianze. Usingoje vitimie vyote vitatu. Kazi yote hiyo haimalizi hata dakika mbili.

Zipo dalili nyingine zinazokuja ghafla: kuona giza jicho moja au kuona vitu viwiliviwili, kuyumba kama mlevi, kichwa kuuma kwa nguvu ambayo mtu hajawahi kuipata. Tusidhani pia kwamba ni maradhi ya wazee peke yao. Watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, nao hupatwa na kiharusi. Na dalili zikija zikatoweka baada ya dakika kumi, mgonjwa apelekwe vilevile, siku hiyohiyo. Hiyo huwa ni taarifa kwamba kikubwa kinaweza kufuata, na siku mbili za mwanzo ndizo za hatari zaidi.

Sasa niseme tulichofanya sisi. Jirani mwema, na kweli alikuwa na nia njema, alileta kidonge chake cha presha, akasema kiwekwe chini ya ulimi. Mama akakoroga uji ili baba apate nguvu. Aliponyweshwa akapaliwa, akakohoa mpaka macho yakamtoka. Mtu mwingine akafungua simu na kutusomea ujumbe wa WhatsApp kwamba achomwe sindano kwenye vidole damu itoke. Kuna aliyenong'ona kwamba amechezewa. Tukaita watu wa maombi, wakaja, wakaomba. Mimi ni muumini na sijutii maombi. Najuta kwamba hatukuyafanyia ndani ya gari.

Kila moja la mambo yale lina hatari yake. Presha ikishushwa kwa pupa, sehemu ya ubongo iliyokwisha kukosa damu huzidi kunyimwa. Koo la mgonjwa wa kiharusi mara nyingi halimezi sawasawa, hivyo uji na maji huingia njia ya hewa na kumletea nimonia. Aspirini, ambayo wengi tunaiamini, humsaidia ambaye mshipa wake umeziba, lakini inaweza kumzidishia hatari ambaye mshipa wake umepasuka, na kwa macho hakuna awezaye kuwatenganisha hao wawili. Hutenganishwa kwa picha ya kichwa ya CT. Basi mgonjwa asipewe kitu chochote kinywani. Alazwe, akiwa hajitambui au anatapika, alazwe ubavu.

Tulifika hospitali saa nane mchana. Daktari aliyetupokea hakuanza na presha, wala hakuuliza kama baba ana kisukari. Aliuliza: "Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?" Tulikuwa sita. Tukatoa majibu manne.

Siku tatu baadaye mama mmoja anayenunua maziwa kwetu alikuja kutupa pole. Akasema saa kumi na mbili na nusu alfajiri alizungumza na baba, wakataniana, na baba akamhesabia chenji bila kukosea. Jibu lilikuwepo, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na hakuna aliyekwenda kuuliza.

Swali lile lina uzito kwa sababu ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Muda huo hauhesabiwi tangu mgonjwa alipogunduliwa. Unahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima, na aliyeamka na dalili huhesabiwa tangu alipokwenda kulala. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, seli za ubongo milioni 1.9 hufa kila dakika. Sisi tulikaa na baba nyumbani saa saba.

Najua hospitali nyingi nchini hazina dawa hiyo, na nyingine hazina hata CT. Nimeambiwa hivyo na watu kama sababu ya kutohangaika. Nakataa. Aliyewahi hupimwa sukari, maana sukari ikishuka sana huweza kuiga kiharusi na hurekebishwa kwa dakika chache. Hupimwa kumeza kabla ya kulishwa. Presha yake hushughulikiwa na mtu anayejua aishushe kiasi gani. Hayo ni maisha ya mtu, hata pasipo dawa ya gharama.

Na si jambo la nadra. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, ulihesabu kiharusi cha mara ya kwanza katika maeneo mawili ya nchi hii. Hapa kwetu Hai ilikuwa takriban watu 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316, baada ya tofauti za umri kusawazishwa. Nikiisoma 316 huwa nafikiria nyumba ngapi zinakoroga uji saa hii.

Ombi langu kwako, mhariri, ni dogo. Tarehe 29 Oktoba ni Siku ya Kiharusi Duniani. Chapeni vipimo vile vitatu kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ili ukurasa uweze kukatwa na kubandikwa kwenye zahanati, kwenye kijiwe cha bodaboda na bajaji, na kwenye mbao za matangazo za makanisa na misikiti. Na chini yake iachwe nafasi tupu ya kuandika saa, ikitaja asubuhi au usiku, kwa sababu "saa mbili" peke yake imeshawahi kuwachanganya watu mapokezi.

Baba yuko hai. Anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia bado haujarudi. Majina ya wajukuu ameyapata manne kati ya saba. Kila asubuhi nikimwamkia huitikia vizuri kabisa, nami husimama hapo nikamuuliza ameota nini.

Msomaji wako,
Hai, Kilimanjaro