Kiswahili kilichojificha ndani ya Kiingereza chako

Mwanangu,

Marahaba. Nyumbani tu wazima, na bibi yako anakusalimu. Barua yako imefika pamoja na ile insha uliyorudishiwa, nyekundu kama nyanya. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Makosa ni 31, lakini aina zake hazifiki hata 10, na nyingi zina chanzo kimoja: kabla ya kila sentensi ya Kiingereza, kichwani ilitangulia ya Kiswahili, nawe ukaifuata nyayo kwa nyayo. Miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili haifutiki kwa muhula mmoja wa kidato cha kwanza, wala haina haja ya kufutika. Unachotakiwa ni kuijua ile sentensi ya chini, uikamate kabla haijafika kwenye karatasi.

Chukua hii: "My father he works in Tanga." Kwetu huwezi kusema "Baba nafanya kazi Tanga", lazima a- ikae mbele ya kitenzi hata kama baba ameshatajwa. Wewe ukaitafsiri hiyo a- kuwa "he". Kiingereza hakina kiambishi hicho. "He" ni neno zima linalosimama badala ya baba, na baba akiwa yupo, "he" hana kiti. Alama ya nafsi ya tatu umoja kwao iko mkiani mwa kitenzi, ile -s ya "works". Kwa hiyo ukifuta "he", hakikisha -s imebaki. Na -s hiyo ni moja tu kwa kila kitenzi: kikiingia "does", yeye ndiye anayeibeba, na kitenzi kikuu kinarudi kwenye umbo lake tupu, "He does not work". Wakati uliopita ni vilevile. "Did" imeshabeba wakati, kwa hiyo "did not go", kamwe si "did not went".

Ndugu wa kosa hilo ni "The book which I bought it is lost." Hapo nimekiona wazi "kitabu nilichokinunua". Ile -ki- ya pili ndiyo iliyokuletea "it". Ifute. "Which" imeshafanya kazi yake.

Kuhusu "he" na "she", hakuna kanuni ya kujifunza, ni uzembe wa jicho tu, maana Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa wote. Ukimaliza kuandika, pitia ukurasa ukizungushia duara kila "he", "she", "his" na "her", na kwa kila duara jiulize ni nani huyo. Dakika mbili zinatosha.

Vile vijineno "a", "an" na "the" vinakutesa kwa sababu Kiswahili hakina kitu kama hicho. Anza na kanuni hii moja: nomino inayohesabika, ikiwa katika umoja, haitoki uchi. Lazima ivae kitu: "a", "the", "my", "this", "each", chochote. "I bought pen" iko uchi. Misemo michache imezoea kutembea hivyo, kama "at home", "by bus", "in bed" na "go to school", nayo ikariri ilivyo. Kuchagua kati ya "a" na "the", jiulize kama msomaji anaweza kujua ni kipi unachosema. Mara ya kwanza hajui: "I saw a dog." Mara ya pili anajua: "The dog was limping." Kati ya "a" na "an" sikiliza sauti, usitazame herufi: "an hour" kwa kuwa h haitamkwi, lakini "a university" kwa kuwa inaanza na sauti ya y.

Halafu kuna nomino ambazo Kiswahili kinazihesabu na Kiingereza kinakataa. Vifaa ni vingi, ukaandika "equipments". Nywele ni nyingi, ukaandika "hairs". Habari hizi, ukaandika "the news are". Sahihi ni "equipment", "hair", na "the news is". Weka kundi moja na "information", "advice", "furniture", "luggage" na "homework": hazichukui -s ya wingi wala "a". Ukitaka kuhesabu, tumia "a piece of advice". Hapo hapo utaona kwa nini "-ingi" yetu inakuponza: watu wengi na maji mengi kwao ni maneno mawili, "many people" na "much water". Wachache na kidogo pia: "few people", "little water".

Sasa nyakati, ambapo una makosa tisa peke yake.

Kiambishi -na- kina milango miwili. "Mjomba anafundisha Moshi" ni kazi yake, na "anafundisha sasa hivi" ni tendo linaloendelea. Kiingereza kinatenganisha: "He teaches" na "He is teaching". Kipimo ni hiki: kama unaweza kuondoa -na- ukaweka hu-, "mjomba hufundisha", na maana isibadilike, tumia umbo la kawaida lisilo na -ing. Na vitenzi vya kujua, kutaka, kuamini, kuelewa na kumiliki havivai -ing katika Kiingereza sanifu hata kama ni sasa hivi: "I know", "I want", "I understand".

Kiambishi -me- kina milango mitatu, na ndiyo maana kinapoteza wengi. Wa kwanza ni ule unaofundishwa darasani: "Amefika" ni "He has arrived". Wa pili unafunguka ukitaja muda uliokwisha. "Amefika jana" kwetu haina shida, lakini "He has arrived yesterday" ni kosa; jana, juzi, mwaka 2019, wiki mbili zilizopita, zote zinadai "He arrived". Wa tatu ni -me- ya hali. "Amesimama mlangoni" ni "He is standing". "Amevaa shati jekundu" ni "He is wearing". "Nimechoka" ni "I am tired". Uliandika "He has worn a red shirt" ukimweleza mtu aliye mbele yako. Msomaji wa Kiingereza atadhani unasema kwamba aliwahi kulivaa.

Na -nge-: "Ningekuwa na fedha, ningenunua." Kwetu -nge- inakaa pande zote mbili, ukaandika "If I would have money, I would buy." Kwao "would" inakaa upande mmoja tu, ule usio na "if": "If I had money, I would buy it." Umeona pia "it" mwishoni? "Buy" haipendi kubaki mikono mitupu.

Maneno yanayochanganywa yako ya namna mbili, na vitabu vingi vinafundisha namna moja tu, ile inayowasumbua Waingereza wenyewe. Nitaanza na ile inayotuhusu sisi: neno moja la Kiswahili linalogawanyika mawili kwao. "Niazime kalamu" ilikufanya uandike "Borrow me your pen." Ondoa kuazima kichwani, weka kukopa na kukopesha. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Nikopeshe, "lend me". Hutakosea tena. Kusikia nako kunabeba mengi: tunasikia sauti, njaa na harufu, ila wao "hear" sauti, "feel" njaa na "smell" harufu. Mkono ni "hand" kuanzia kifundo hadi vidole, na "arm" juu yake; mguu ni "foot" na "leg". Tangu inakuletea "since three years". Urefu wa muda unataka "for", mahali muda ulipoanzia panataka "since": "for three years", "since 2021". "Lete mpaka Ijumaa", kama Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kuleta, ni "by Friday". "Until" ni ya jambo linaloendelea hadi hapo. "Kata kwa kisu" ni "with a knife", "njoo kwa basi" ni "by bus". Na "zungumzia" isikudanganye kuandika "discuss about", kwa kuwa hiyo "kuhusu" imo tayari ndani ya "discuss". "Nieleze" ni "explain it to me", si "explain me".

"Ingawa" kwetu huandamana na "lakini" bila ugomvi. "Although" na "but" hawapandi gari moja. Chagua mmoja.

(Saa usisahau. Saa mbili asubuhi ni "8 a.m." Nimeona umeandika kengele ya darasani inalia "at 2 o'clock in the morning".)

Namna ya pili inatokana na sauti. Sisi tuna irabu tano na tunaandika tunavyotamka, basi sikio letu linakunja "live" na "leave" kuwa kitu kimoja, vilevile "fill" na "feel", "this" na "these", "hat", "hut" na "heart". Usiandike haya kwa kusikiliza. Andika kwa maana: kuishi, kuondoka, hii, hizi. Kwa yale yanayowachanganya hata wenyewe, kila jozi itafutie kipimo chake. "Than" ni kuliko, "then" ni kisha. "Lose" ni kupoteza, nayo imepoteza o moja. "Loose" ni legevu. "Their" ni -ao, "there" ni pale na ina "here" ndani yake, "they're" ni "they are". "Advice" ni ushauri na "advise" ni kushauri, na hapo masikio yanasaidia maana ya pili inatamkwa kwa z. Ukiijua hiyo, fuata mpango uleule kwa "practice" na "practise", nomino kwa c, kitenzi kwa s. Mmarekani anaandika "practice" kote kuwili, kwa hiyo usishangae ukiikuta kwenye kitabu chake. Wewe shika tahajia ya Uingereza ambayo shule zetu zinaifuata, na usichanganye mbili katika insha moja.

Alama za uandishi. Ritifaa unaijua kwenye ng'ombe, ambapo inaonyesha sauti tu. Kwa Kiingereza ina kazi mbili tofauti: herufi iliyotolewa, na umiliki. "It's" ni "it is" au "it has" iliyofupishwa. Jaribu kuirefusha: "The cow broke it is leg" haileti maana, basi ni "its". Kwenye umiliki andika kwanza mwenye mali kamili, kisha ritifaa, kisha s. Msichana mmoja: "girl", "girl's". Wengi: "girls", na kwa kuwa s ipo tayari, ritifaa inatosha, "girls'". Watoto: "children", "children's". Wingi mtupu usio na umiliki hauna ritifaa kabisa, hata kama ubao wa duka umeandikwa "tomato's".

Mkato ndio ulioukosea zaidi. "The bus broke down, we arrived late." Najua ilikotoka: "Basi liliharibika, tukachelewa." Ile -ka- ndiyo gundi ya sentensi mbili, nayo haina mwenzake katika Kiingereza. Mkato peke yake hauwezi kushikilia sentensi mbili kamili. Weka nukta, au nuktamkato, au ongeza "so" baada ya mkato: "The bus broke down, so we arrived late." Angalia pia mikato miwili inayozunguka maelezo. "My brother who lives in Moshi" inamaanisha una kaka wengi na unamchagua huyo wa Moshi. "My brother, who lives in Moshi," inamaanisha unaye mmoja tu.

Kuhusu mazoezi, acha kujaza nafasi 50 za kitabu kwa usiku mmoja. Ukijaza nafasi ishirini za "since" na "for" mfululizo, ya tatu na kuendelea unajibu kwa mazoea. Kwenye insha hakuna anayekuambia kwamba hapa ni mahali pa "since". Chukua kaunta buku, gawa ukurasa safu tatu: sentensi yako yenye kosa, sentensi ya Kiswahili iliyolizaa, na sentensi sahihi. Kila siku ya prepo tenga dakika 20. Andika sentensi tano mpya juu ya kosa moja, zote za mambo ya kweli ya hapo shuleni. Kesho yake funika safu ya tatu usahihishe ya kwanza bila kuchungulia. Rudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ukipata zote mara tatu, pitisha mstari, hamia kosa jingine.

Insha ikiisha, usiipitie mara moja ukitafuta kila kitu. Pitia mara nne, kila mara kitu kimoja: vitenzi, kisha nomino zilizo uchi, kisha "he" na "she", mwisho alama. Kwenye alama anza na sentensi ya mwisho ukirudi nyuma, maana ukisoma kutoka juu hadithi inakubeba na macho yanaruka.

Hizi nazo zisahihishe, uzirudishe na barua ijayo. Pembeni ya kila moja andika Kiswahili kilichoizaa. Moja haina kosa, sikuambii ni ipi.

"Although it was raining but we went to farm."
"My uncle he has arrived yesterday with bus."
"The girls' dormitory is quieter than the boys'."
"The shoes which you sent them to me are too small."
"The goat hurt it's leg, we called the vet."
"She asked me to borrow her my ruler since two days ago."

Mama yako