Malalamiko: rekodi zenu zimekosea majina ya vitabu na waandishi

Chake Chake, Pemba

Kwa Meneja wa Huduma za Katalogi,

YAH: REKODI ZA KATALOGI ZISIZOFUATA KANUNI ZA RDA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumezipokea rekodi za MARC 21 (muundo wa rekodi za katalogi zinazosomwa na kompyuta) mlizotengeneza kutokana na picha tulizokupelekeeni za majalada, kurasa za jina na migongo ya kurasa hizo. Mkataba unataja RDA, yaani kanuni za kuorodhesha vitabu zilizochukua nafasi ya zile za zamani ziitwazo AACR2. Zilizokuja zina mabaki ya AACR2 na alama za programu iliyozoea vitabu vya Kiingereza. Hatuzikubali, na tunaeleza sababu kwa kinaga ili marekebisho yasije yakarejea makosa yale yale.

Tuanze na fildi 245, sehemu ya rekodi inayobeba jina la kitabu. Jina la kitabu hunakiliwa kama lilivyo kwenye ukurasa wa jina. Nyinyi mmelichukua kwenye jalada hata pale ukurasa wa jina unaposema jengine. Jina la jalada likitofautiana huwekwa kwenye fildi 246, ya majina mengine ya kitabu, na kiashiria chake cha pili (tarakimu ya kuuelekeza mfumo) kikiwa 4. Jalada huwa chanzo cha 245 pale kijitabu kisipokuwa na ukurasa wa jina kabisa, na hapo huandikwa dokezo katika fildi 500 kuwa jina limetoka jaladani. Vijitabu vya aina hiyo mmevitungia majina yenu ndani ya mabano ya mraba, ilhali jina limechapishwa waziwazi kwenye jalada.

Kimo kitabu ambacho mchapaji alikosea akaandika "Mashari" pahala pa "Mashairi". Mmekisahihisha kimyakimya. Kuingiza masahihisho ndani ya jina kwa mabano ilikuwa njia ya AACR2, lakini hata AACR2 haikuruhusu kubadilisha bila alama. Kwa RDA, 245 ibaki "Mashari", kisha 246 ibebe "Mashairi", na sabfildi i (kipande cha ndani ya fildi) iseme "Jina sahihi:". Msomaji atakipata kwa tahajia zote mbili, na aliyekishika mkononi atajua kuwa ndicho hicho.

Kiashiria cha pili cha 245 kimetuumiza zaidi. Kazi yake ni kuuambia mfumo uruke herufi ngapi wakati wa kupanga. Kiingereza huweka 4 kwa jina linaloanza na "The", yaani herufi tatu na nafasi moja. Kiswahili hakina neno la namna hiyo mwanzoni mwa jina, kwa hiyo hapo panatakiwa 0. Mmeacha 4 katika vitabu vya Kiswahili, na matokeo yake "Kamusi" inapangwa kwenye S kama "si", na "Utenzi" inakwenda kwenye Z kama "zi". Majina ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa herufi za Kirumi yakianza na "al-" ndiyo yanayostahili 3.

Alama ya ng' nayo imepotea. "Ng'ombe" imekuwa "Ngombe", na pengine ritifaa (') imegeuka alama ya ajabu wakati wa kuhamisha faili. Hiyo si hiari ya uandishi. Ng' na ng ni sauti mbili tofauti, na mwanafunzi wa skuli anayetafuta kwa tahajia sahihi haoni kitu.

Sasa waandishi. Hapa mambo mmeyapindua. Katika 245, sabfildi c, maneno hunakiliwa yalivyo: "Sheikh", "Maalim", "Bi", "Dkt.", pamoja na "kimehaririwa na". Nyinyi mmeyafuta hayo, na "kimehaririwa na" mmeigeuza kuwa Kiingereza. Kisha mmelichukua neno "Maalim" mkalifanya sehemu ya kwanza ya jina katika fildi 100, ya mtunzi mkuu, ambako halikupaswa kutangulia. AACR2 ndiyo iliyokuwa ikiondoa vyeo vya heshima kwenye maelezo ya mwandishi.

Mhariri wa mkusanyiko wa mashairi ya watu wengi si mtunzi wa mkusanyiko huo. Aondolewe 100, awekwe 700, fildi ya watu wengine waliohusika, na sabfildi e yenye "mhariri", na kiashiria cha kwanza cha 245 kirudi 0 kwa kuwa 100 haipo tena. Aliyekusanya maneno akatengeneza kamusi ni suala jengine: huyo anaweza kuwa mtunzi. Kwa hiyo neno "mkusanyaji" lisibadilishwe kwa amri moja ya kompyuta. Lazima mtu aangalie kitabu.

Vitabu vilivyoandikwa na walimu wanne au zaidi mmeviwekea "[et al.]", yaani "na wengine", na fildi 100 mmeiacha tupu. Hiyo ni kanuni ya watatu ya AACR2, ya kutowataja wote wakizidi watatu. RDA, iliyotoka mwaka 2010 na ambayo Maktaba ya Bunge la Marekani iliianza tarehe 31 Machi 2013, huandika wote; wa kwanza huingia 100, waliobaki 700. Ikilazimika kufupisha, andikeni kwa mfano "[na wengine wanne]", kwa kuwa lugha yetu ya kuorodheshea ni Kiswahili na fildi 040, inayotaja lugha hiyo, inasema swa.

Jina lenye "bin" au "binti" lisipinduliwe. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19, huanza na Muyaka. Mmemwandika "Haji, Muyaka bin", na lebo ya mgongoni ikachapishwa HAJ pahala pa MUY, hivyo kitabu kimekaa rafu isiyo yake. Waandishi wa leo wenye majina matatu huamuliwa mmoja mmoja, kwa kuangalia wanavyojulikana na faili za majina (orodha rasmi za majina ya waandishi) zinavyosema.

Tunaomba yafuatayo. Rekodi zirejewe bila malipo, na aliye na uwezo wa kusoma Kiswahili azipitie akiwa na picha mbele yake. Kwanza mtuletee rekodi 20 za majaribio, zikiwemo za makusanyo, za majina yenye "bin" na za maneno yenye ng'. Faili iwe ya UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi usioharibu alama. Lebo zote zilizotokana na fildi 100 isiyo sahihi zichapishwe upya kwa gharama zenu. Awamu ya mwisho ya malipo tunaizuia mpaka rekodi hizo 20 zipite.

Wenu katika kazi,

Wakutubi, Kitengo cha Katalogi