Hatua tatu zinatosha: skinkea ya Kikorea kwa joto na jua la Dar

Wapendwa wateja wetu, karibu kila siku kuna mtu anatutumia picha WhatsApp, kapanga vichupa vyake juu ya kitanda, klinza ya mafuta ya kunawia uso, klinza ya povu, skrabu, tona, esensi ya ute wa konokono, ampuli, seramu, krimu ya macho, moisturaiza na maski ya kulalia, halafu chini kaandika "dada naomba uniambie ipi inaanza ipi inafuata". Ukimuuliza sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, iko wapi anakwambia hana, hela iliisha. Hapo ndo tunataka tuongee leo, maana sisi ndo tunaouza hivi vitu na tungeweza kukaa kimya tukaendelea kuuza, ila inauma kuona mtu kamaliza hela kwenye vichupa vitano vinavyofanya kazi ile ile halafu kile kinachomlinda kabisa hana.

Kwanza hizo hatua kumi zenyewe, ile rutini ya Kikorea ambayo wengi wanadhani lazima uipake yote. Usidhani kila mdada wa Seoul akiamka anapaka vitu kumi ndo atoke. Hesabu ya kumi ilivuma zaidi Marekani, miaka ya 2010 na kitu, wakati skinkea ya Kikorea inaingia soko la kule, wauzaji na waandishi wa urembo wakachukua kila aina ya bidhaa wakaipanga kutoka nyepesi kwenda nzito, ikawa orodha ya kumi. Kuna siku unatumia hiki, kuna siku unaacha, maski kwa mfano watu wengi wanaweka mara moja moja tu. Na Wakorea wenyewe kufika 2018, 2019 huko walikuwa wanaongelea kitu kinaitwa skipkea, yaani unaruka hatua zisizo na ulazima unabaki na chache zenye kazi. Sisi huku ndo kwanza tunazipanga zote kumi, asubuhi na usiku.

Halafu angalia hali ya hewa. Seoul mwezi wa kwanza joto linashuka chini ya sifuri, nje upepo mkavu, ndani sakafu inapashwa moto, ngozi inakauka mpaka inapasuka. Mtu wa kule akipaka tona, juu yake esensi, juu seramu, juu krimu, anachotafuta ni maji yasitoke kwenye ngozi. Mwezi huo huo wa kwanza wewe uko Mbagala au Tabata, nyuzi 31, 32, unyevu hewani umejaa, umepanda daladala saa moja asubuhi jasho linakutoka hata hujafika Kariakoo. Ngozi yako ina shida nyingine kabisa na ya yule.

Kinachotokea ukizipaka zote tunakiona hapa dukani. Mtu anakaa kwenye kiti tunampaka sanskrini kidogo shavuni, tukisugua tu taratibu inaanza kujikunja na kudondoka vipande vyeupe vidogo kama uchafu wa raba ya kufutia penseli, anasema sanskrini yenu feki. Sanskrini ni nzima, ila chini kuna tabaka nne tano za jeli na krimu ambazo hazijakauka, haina pa kushika, na ikidondoka hivyo kinga nayo imeondoka. Wengine wanapata vile vipele vidogo vya paji la uso, saizi moja vyote, vinawasha, wanadhani ni chunusi wanaongeza bidhaa. Mara nyingi vile vinaletwa na fangasi ambao kila binadamu anao kwenye ngozi, wanapenda joto, jasho na mafuta, na wewe ndo unawalisha. Na tatizo kubwa kuliko yote, ukiwa na vitu kumi usoni na ngozi ikawaka, utajuaje ni kipi? Mwingine anakuja analia kabisa, uso mwekundu unachoma hata kwa maji, tunaanza kukisia mimi na yeye kama waganga.

Kwa hiyo tunachowaambia wateja wetu ni hivi, kuna vitu vitatu vya lazima. Kunawa, mafuta ya uso (yaani moisturaiza), sanskrini. Basi. Cha nne ni seramu moja kama una tatizo maalum, kama huna hela yako weka mfukoni.

Kunawa. Usiku ndo muhimu, uso umebeba vumbi, jasho, moshi wa magari na sanskrini ya mchana. Tafuta klinza laini ya jeli au povu, ile ambayo ukimaliza kunawa ngozi haibani. Ule mkazo unaousikia baada ya kunawa na sabuni ya mche, mpaka ukicheka mashavu yanavuta, watu wanadhani ndo usafi, hapana, ngozi yako ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi) kama 5 hivi, na sabuni nyingi za mche ziko 9 au 10, inachukua mafuta yote ya asili. Ndo maana zile klinza za Kikorea za pH ya chini kama Low pH Good Morning Gel Cleanser ya COSRX tunazipenda. Klinza ya mafuta inunue kama unapaka meikapu nzito au sanskrini isiyotoka kwa maji, kama hupaki, moja inatosha. Asubuhi kama ngozi yako ni kavu nawa na maji tu.

Mafuta ya uso. Hapa ndo tona, esensi, ampuli na moisturaiza zinapoingiliana, maana nyingi kazi yake kubwa ni moja, kuvuta maji na kuyashikilia. Ile ya konokono tunaulizwa kila siku, ile inayovutika ukiigusa, ni nzuri, ngozi inakuwa laini, wala hatusemi uitupe. Ila kama tayari una moisturaiza nzuri ya jeli yenye gliserini au hailuroniki, konokono ni ya kujipenda tu, siyo ya lazima. Ngozi ya mafuta chukua jeli nyepesi. Ngozi kavu, au ofisini unakaa chini ya AC kutwa nzima, chukua krimu yenye seramaidi, aina ya mafuta ambayo ngozi inayo kiasili. Na wateja wetu wa Njombe, Mbeya, Makete, mkituagiza mtuambie mko wapi, mwezi wa sita na wa saba kule baridi inakausha kweli, nyie mnahitaji kitu kizito, na mafuta ya mgando ya kawaida kidogo juu ya krimu usiku kwenye ngozi kavu yanafanya kazi kubwa sana ya kuzuia maji yasitoke, hata kama bei yake ni ndogo. Wenye mafuta na chunusi nyie yaacheni.

Sasa sanskrini, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo penye ubishi. "Mimi ni mweusi, jua halinidhuru." Ni kweli ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili na hatuungui kama wazungu. Lakini niambie, wateja wetu wengi wanakuja na shida gani? Madoa. Chunusi imeisha wiki mbili, doa lake linakaa miezi sita. Mashavu yameweka kivuli cheusi baada ya kujifungua. Hiyo ndo inayotusumbua sisi weusi na jua ndo linaichochea, hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unaongeza. Unanunua seramu ya madoa, unapaka usiku, mchana unatembea juani bila kitu, unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na sisi tuko karibu na ikweta, Dar jua ni kali mwaka mzima, hakuna msimu wa kupumzika, hata siku ya mawingu. Ukikaa dirishani kwenye mwendokasi, kioo kinazuia ile miale inayounguza (UVB) tu, ile inayoleta madoa na kuzeesha ngozi (UVA) sehemu kubwa inapita.

Kwenye hili Wakorea wametusaidia sana kwa kweli. Sanskrini za zamani zilikuwa zinatuacha na weupe fulani wa kijivu usoni, picha ikipigwa unaonekana kama umepakwa unga. Hizi kama Relief Sun ya Beauty of Joseon zinapakika kama moisturaiza, SPF 50+ na PA++++, SPF ni kipimo cha kinga ya miale ya UVB, hizo alama za kujumlisha zinaonyesha kinga ya miale ya UVA, zikiwa nyingi ndo vizuri. Usihangaike kutafuta SPF 100, SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB na 50 kama 98, tofauti ni ndogo. Tofauti kubwa iko kwenye kiasi unachopaka. Chora mistari miwili kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, kutoka mwanzo mpaka mwisho, hicho ndo kiasi cha uso na shingo. Najua utaona ni nyingi, gawanya mara mbili, paka nusu, subiri kidogo, paka nusu. Tyubu ya mililita 50 ukiniambia imekaa miezi sita na unapaka kila siku, mpendwa hujapaka, umenusisha tu. Ukiwa nje rudia kila baada ya masaa mawili, jasho ligandamize na leso usisugue. Wenye kivuli cha mashavu tafuteni yenye rangi ya ngozi, ile rangi inatokana na oksidi za chuma na ndo inayosaidia kwenye mwanga wa kawaida. Kaka zetu wa bodaboda na mafundi wa juani nanyi mnahusika, haina jinsia hii.

Na msidhani sanskrini ni jambo la wageni. Pale hospitali ya KCMC Moshi ndo ilipoanzia kutengenezwa sanskrini inaitwa Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, maana kwao jua ni saratani kabisa. Kama una mtoto au ndugu mwenye ualbino, huyo asikose hata siku moja, kofia pana na mikono mirefu pia.

Ukishakuwa na hivyo vitatu kwa mwezi mzima bila kukosa, njoo tuongee seramu, na ni moja. Madoa na mafuta, niasinamidi (aina ya vitamini B3), wala usikimbilie asilimia 20, Korea kwenyewe kiwango kinachotambulika kwenye bidhaa za kung'arisha ni asilimia 2 mpaka 5. Chunusi na vinyweleo vilivyoziba, asidi ya salisiliki mpaka asilimia 2, mara mbili tatu kwa wiki inatosha kuanzia. Mikunjo, retinoli (aina ya vitamini A) usiku, ila kama una mimba au unatafuta, hapana, hiyo acha. Ngozi iliyowaka na kuchoka, kitu chenye sentela, mmea wa kutuliza ngozi. Usichanganye zote usiku mmoja.

Kitu kingine inabidi tukiseme wazi. Kuna watu wanatumia mkorogo, au zile tyubu za dukani zenye betamethasone au clobetasol, ambazo ni steroidi, halafu wanataka kuweka rutini ya Kikorea juu yake wapate ngozi ya kioo. Ngozi ya kioo ni ngozi yenye maji na afya inayong'aa kwa rangi yake, nyeusi inang'aa vizuri mno. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na krimu za steroidi ni dawa, ngozi inakonda, mishipa inaonekana, na ukiziacha ghafla uso unaweza kuvimba na kujaa vipele. Kwa hiyo kama uko huko usiache kimya kimya ukaja kununua konokono kwetu, nenda hospitali kwa daktari wa ngozi akusaidie kutoka, sisi hatukufokei wala hatukuchukulii vibaya, ila hilo ni juu ya uwezo wa duka. Vile vile chunusi kubwa zinazouma ndani kwa ndani na kuacha mashimo, hizo pia ni za daktari.

Sasa wewe mwenye vichupa kumi kitandani unafanyaje. Usitupe. Baki na klinza, moisturaiza na sanskrini tu kwa wiki nne, maana ngozi inajibadilisha kwa karibu mwezi, chini ya hapo huwezi kujua kitu. Vingine funga vizuri weka kabatini pasipo na joto, siyo dirishani wala kwenye gari. Angalia nyuma ya chupa kuna alama ya kikopo imeandikwa 6M au 12M, hiyo ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Seramu ya vitamini C ikishakuwa kahawia, hiyo imekufa. Baada ya wiki nne kama unataka kurudisha kimoja, rudisha kimoja, kijaribu kwanza pembeni ya taya siku chache, kisha kaa nacho wiki mbili kabla ya kingine. Wengi wakifika hapo wanatuambia hawaoni sababu ya kurudisha, na wanaorudisha wanarudisha ile ya konokono, hatuwalaumu.

Ukija dukani njoo bila meikapu kama inawezekana, na njoo na vichupa vyako vyote au picha za nyuma pale penye viambato. Tutakaa navyo mezani tuone kipi na kipi vinafanya kazi moja, na kama vitatu vya lazima tayari unavyo hatutakuuzia kitu siku hiyo. Wa mikoani tumeni picha WhatsApp, mkiandika mkoa, aina ya ngozi na dawa yoyote mnayotumia usoni sasa hivi, hata kama mnaona aibu kuitaja.